Niliambiwa Texas huhitaji kibali

Kila baada ya miezi michache napigiwa simu na kijana aliyefika Houston karibuni. Tunasalimiana, tunaulizana ya nyumbani, tunalilalamikia joto, kisha sauti inashuka: "Kaka, hivi ni kweli hapa mtu anaweza kutembea na bastola kiunoni bila kibali?" Mimi namjibu kwa swali: "Wewe umeingia kwa karatasi gani?" Wengine hununa, wakidhani nawachimba. Mimi swali hilo hakuna aliyeniuliza mwaka 2021, na nusura nilipie kwa maisha yote niliyoyajenga huku.

Kwetu Korogwe babu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Leseni yake ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nne, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya nguo za Idi sandukuni. Siku ya kwenda kuilipia alivaa kanzu na kofia kama anakwenda harusini. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba silaha na karatasi yake ni pacha, huwezi kuokota mmoja ukamwacha mwenzake. Kwa hiyo nilipofika Marekani mwaka 2018, kwa ile bahati nasibu ya viza, nikiwa na mke na binti wa miaka minne, wala sikuwaza habari za bastola. Nilikuja kubeba boksi kama wenzangu.

Novemba 2021, saa tano usiku, nimesimama kituo cha mafuta baada ya kumaliza kusambaza vifurushi. Mtu akaja nyuma yangu, akanibana kitu kigumu mbavuni. Mpaka leo sijui kama kilikuwa bastola au kipande cha bomba. Alichukua simu na pochi, akaondoka akitembea polepole, na ule mwendo wake wa taratibu ndio ulioniuma kuliko simu. Wiki tatu sikulala vizuri. Kila nikipiga pampu, shingo inageuka yenyewe.

Kazini kulikuwa na jamaa mmoja, Msukuma mcheshi, ana jibu la kila kitu. "Mdogo wangu, unateseka bure," akaniambia. "Tangu tarehe 1 Septemba hapa Texas hakuna tena mambo ya kibali. Una miaka 21, huna rekodi ya jinai, unanunua, unachomeka, unatembea." Na hakusema uongo. Bunge la Texas lilipitisha sheria ile, gavana Greg Abbott akaisaini Juni 2021, na Septemba ikaanza kazi. Anayeruhusiwa kisheria kumiliki bastola anaweza kuibeba hadharani, imefichwa au iko wazi ndani ya ala, bila leseni ya kubebea. Kosa langu ni kwamba niliposikia "huhitaji kibali," masikio yakafunga hapo hapo.

Nilinunua Januari 2022. Bastola ya milimita 9, dola 480. Ala ya kiunoni, dola 45. Risasi boksi mbili. Muuzaji akanipa fomu ya serikali kuu, ile wanayoiita 4473, na hapo kidogo moyo ulidunda, maana inauliza uraia wako na, kama wewe si raia, namba yako ya uhamiaji. Mwenye grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu kama yangu, anaruhusiwa kununua. Aliyeko hapa kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, inamkataza hata kuishika, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi kabisa ndiyo basi tena. Tangu Juni 2022 adhabu ya anayekutwa na silaha ilhali amekatazwa inaweza kufika miaka 15 gerezani. Texas kusema "hakuna kibali" hakumsaidii chochote mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana naanza na swali la karatasi.

Kuna na swali la bangi kwenye fomu ile ile. Vijana wetu walio kwenye majimbo yaliyoiruhusu huteleza hapo. Fomu yenyewe inakuonya kwamba kwa sheria ya shirikisho bangi ni haramu hata kama jimbo lako limeihalalisha. Ukidanganya kwenye fomu, umeongeza kosa lingine.

Uchunguzi wangu, ule wa kuangalia kama mnunuzi amekatazwa silaha, haukujibiwa siku ile. Muuzaji akaniambia majibu "yamecheleweshwa," nirudi baadaye, jambo ambalo alisema huwatokea wahamiaji wengi. Nilirudi baada ya siku nne, nikaichukua.

Mke wangu hakuitaka ndani ya nyumba. Yeye anahudumia wagonjwa usiku na ameona matundu ya risasi kwa macho yake. Tulikubaliana kwa masharti: lazima kuwe na sefu yenye namba za siri, dola 130, na namba tuzijue sisi wawili tu. Hilo peke yake nililifanya sawasawa. Texas ina sheria ya kumwadhibu mtu anayeacha silaha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, ingawa wakati ule sikuijua. Nilikuwa namwogopa mke wangu tu.

Miezi saba nilitembea nayo. Nilihesabu baadaye makosa niliyofanya bila kujua, nikakoma kuhesabu. Nitasimulia mawili.

Binti yangu alikuwa darasa la pili. Kila siku saa tisa alasiri nilikuwa kwenye foleni ya magari mbele ya shule, bastola kiunoni, shati juu, redio ikiimba. Sikuwahi kuingia nayo jengoni, kwani hata mimi nilijua shuleni haiingii. Nisichojua ni kwamba kuna sheria ya shirikisho inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kama mita 300 hivi, na barabara ya umma imo. Unaokoka kama silaha haina risasi na imefungiwa kwenye kasha, au kama wewe una leseni iliyotolewa na jimbo lenye shule hiyo. Umesoma hapo? Leseni. Jimbo linasema si lazima uwe nayo, serikali kuu inasema ukiwa nayo ndiyo nitakuacha. Sheria hizi mbili ni wake wenza: wako uani pamoja, lakini kila mmoja na jiko lake. Na ukitaka kichekesho, kesi iliyoifanya sheria ile ijulikane nchi nzima ilitoka hapa hapa Texas, mwanafunzi wa San Antonio aliyekutwa na bastola shuleni mwaka 1992. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria hiyo mwaka 1995, Bunge likaiandika upya mwaka uliofuata, na mpaka leo ipo.

La pili ni la baa. Tulialikwa siku ya kuzaliwa ya rafiki, mahali penye meza za nje, wanachoma nyama. Mimi sinywi. Nimekaa saa mbili na soda yangu, bastola kiunoni, najiona mlinzi wa watu wote. Wakati wa kutoka ndipo nikaona bango ukutani, namba nyekundu kubwa: 51%. Nikadhani ni punguzo la bei. Maana yake ni kwamba sehemu hiyo inapata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo, na kuingia na bastola ni kosa kubwa la jinai, miaka 2 hadi 10, hata kama kinywani mwako kuna soda. Hata mwenye leseni haruhusiwi. Mabango mengine utayaona milangoni na namba 30.05, 30.06 na 30.07, kwa Kiingereza na Kihispania. La 30.05 linamhusu asiye na leseni. Hayo mawili mengine yanamhusu mwenye leseni, moja kwa silaha iliyofichwa na moja kwa iliyo wazi. Jifunze kusoma milango. Mimi nilikuwa nasoma saa za kufungua na kufunga tu.

Sasa ile safari.

Agosti 2022 mdogo wake mke wangu anaolewa Maryland. Nauli za ndege za watu watatu zilituchekesha, tukaamua kwenda kwa gari. Barabara ya I-10 kutoka Houston, unaingia Louisiana, unashika I-59 kupitia Mississippi na Alabama, unagusa kona ya Georgia, Tennessee, halafu ile I-81 ndefu ya Virginia mpaka unachoka kuona milima. Maboksi ya vitenge nyuma, chapati na mayai ya kuchemsha kwenye bakuli, bastola kiunoni ikiwa na risasi chemba, tayari kufyatuliwa. Nilijua majina ya majimbo. Kwamba kila moja lina sheria yake ya kubeba, hilo halikunipitia kichwani. Louisiana wakati ule mtu aliyeificha mwilini alihitaji kibali. Imeacha kudai tarehe 4 Julai 2024. Mississippi hakihitajiki. Alabama kilihitajika mpaka mwisho wa mwaka 2022. Nilikuwa navuka mipaka kama navuka kutoka Korogwe kwenda Muheza.

Alabama, baada ya Tuscaloosa, taa za bluu nyuma yangu. Mwendo kasi, na kweli nilikuwa nao. Nikasimama pembeni. Askari akaja upande wa mke wangu, akaomba leseni ya gari, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna silaha. Nikajibu, tena kwa kujiamini kwa mtu anayejua haki zake, "Ndiyo, kiunoni." Akaniambia mikono yangu niiache juu ya usukani. Akauliza kibali. Nikasema natoka Texas, kwetu hakihitajiki.

Akatazama namba za gari, akanitazama. "Umevuka majimbo mangapi tangu utoke Texas?"

Nikaanza kuhesabu kwa mdomo kama mtoto. Matatu na hili.

Alinitoa nje, akaichukua mwenyewe. Akatoa magazini, akavuta nyuma, ile risasi ya chemba ikaruka ikaangukia majani. Akainama kuitafuta. Sijui kwa nini picha hiyo ndiyo iliyobaki: mtu mzima wa makamo, kofia mkononi, anapekua majani ya kando ya barabara kutafuta risasi yangu, na binti yangu ameamka, ananitazama kwa dirishani. Nilisimama kando ya gari lake dakika zipatazo arobaini akikagua majina yangu. Hakunitia pingu. Aliporudi alisema sheria ya Alabama itabadilika Januari, lakini leo ni Agosti. Angeweza kunipeleka kituoni. Akaniandikia faini ya mwendo kasi tu, akaagiza bastola ikae butini, haina risasi, imefungwa, na risasi mbali nayo. Ule ulikuwa ukarimu wake. Mwingine asingekuwa nao, wala usipange safari yako kwa kutegemea moyo wa askari.

Mke wangu hakusema kitu mpaka tulipoingia Tennessee. Ndipo akasema, akiangalia mbele, "Ulisema huhitaji kibali." Basi. Akarudi kimya.

Tulilala kwa jamaa zetu Virginia, na jioni ile alikuwepo dada mmoja Mkenya, wakili wa uhamiaji, amekuja kula pilau. Nikamsimulia kwa kucheka, ile cheka ya aibu. Yeye hakucheka. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama niliandikiwa chochote kuhusu silaha. Nikamwonyesha karatasi ya faini. Aliisoma mbele na nyuma, akashusha pumzi.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mwenye grinikadi anayewaza bastola anapaswa kulijua kabla ya bei na rangi. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni akitiwa hatiani kwa kosa lolote la silaha, kununua, kumiliki, kutumia au kubeba kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Haiangalii ukubwa wa kosa. Hata lile ambalo raia angelipa faini akaenda zake nyumbani kula, wewe linaweza kukupandisha ndege. Na usije ukakiri kosa haraka ili yaishe. Akanitajia Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na askari mstaafu wa vita vya Vietnam. Kesi yake ilikuwa ya bangi ndani ya lori, Kentucky. Wakili wake alimwambia asihofu habari za uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu; akakiri, na kumbe kukiri kule ndiko kulikomfungulia mlango wa kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo. "Kwa hiyo ukikamatwa," akasema, "neno la kwanza kwa wakili wako liwe kwamba wewe si raia."

Nikamuuliza kuhusu kesho, Maryland. Akasema Maryland haitambui kibali cha jimbo lolote lingine. Nikasema nitaifungia butini, si kuna sheria ya kupita njiani? Ipo, ya mwaka 1986: unaweza kupita na silaha isiyo na risasi, imefungiwa mbali na mikono yako, ikiwa unakotoka na unakokwenda unaruhusiwa kuwa nayo na kuibeba. "Na unakokwenda ni wapi?" Maryland. Nikanyamaza. "Basi usivuke mto wa mpakani nayo."

Akaongeza habari ya Shaneen Allen, mama wa Philadelphia aliyekuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Mwaka 2013 alisimamishwa jimbo jirani, New Jersey, akamwambia askari ukweli kama mimi. Alikabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu. Gavana Chris Christie alikuja kumsamehe mwaka 2015, baada ya kesi yake kupigiwa kelele nchi nzima. Na yeye ni raia.

Bastola ililala Virginia ndani ya kasha langu lenye kufuli. Harusi nilicheza, lakini miguu ilikuwa mizito. Kurudi nyumbani, kilomita kama 2,300, ilikaa butini haina risasi, na nilipiga pampu kila kituo bila kugeuza shingo. Hilo nalo lilinishangaza.

Oktoba nikajiandikisha darasa la leseni ya Texas. Ndiyo, leseni bado ipo na bado wanaitoa. Walichofuta ni ulazima wake tu. Mwalimu alikuwa bibi mmoja wa miaka ya sitini, miwani ya kamba shingoni, anakunywa chai ya baridi ndani ya chupa ya lita mbili. Darasa ni saa 4 hadi 6, nililipa dola 75. Muda mwingi hakufundisha kupiga. Alifundisha lini usitoe bastola, namna ya kuzima ugomvi kwa maneno, na mahali pasipoingilika: mahakamani, vituo vya kupigia kura, ndani ya ukaguzi wa uwanja wa ndege. Alipofika kwenye shule nikanyoosha mkono, nikaeleza foleni yangu ya saa tisa. Darasa zima likageuka. Akaniuliza, "Siku ngapi?" Nikasema muhula mmoja na nusu. Akanywa chai yake.

Mtihani wa shabaha ni risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15. Unatakiwa alama 175 kati ya 250. Nilipita, sikusifiwa. Kwenye yadi 15 mkono ulinitetemeka, risasi mbili zikapotea kabisa, na hapo mbele yangu ni karatasi isiyo na mbavu wala mtoto nyuma yake. Nilikuwa nimetembea miezi saba na kitu ambacho sikuwa na uhakika nacho hata hatua kumi na tano.

Ada ya serikali ni dola 40, alama za vidole kama dola 10. Kadi ilifika baada ya wiki tano. Kwa kadi hiyo majimbo mengi yanakutambua, ukinunua silaha nyingine Texas hupitii tena uchunguzi wa dukani, na ile ya futi 1,000 za shule, ndani ya Texas, inakuachia. Wajibu mmoja huongezeka: askari akikuomba kitambulisho huku umebeba, lazima umwonyeshe na leseni hiyo. Mimi naiweka nyuma ya leseni ya gari, nazitoa pamoja, taa ya ndani imewashwa, mikono juu ya usukani.

Jumla niliyotumia, na dola 200 za yule dada nilipomfuata rasmi ofisini ili aniandikie ushauri, ilikaribia dola 1,100. Simu iliyoibwa ilikuwa ya dola 180.

Siku hizi mara nyingi inakaa kwenye sefu. Majimbo yasiyodai kibali yalifika 29 mwaka 2024, watu wananiambia mambo yamelegezwa, na mimi kabla ya safari yoyote bado nafungua sheria ya kila jimbo nitakalopita, siku ile ile, maana sheria ya mwaka jana haifai.

Mwaka 2023 nikaomba uraia. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa kosa, au kuzuiliwa na askari yeyote. Nikajaza "ndiyo." Nikaambatanisha stakabadhi ya faini ya Alabama na maelezo ya ukurasa mmoja, na bastola nikaitaja kwa jina lake. Siku ya usaili niliiacha nyumbani, maana jengo la serikali kuu huingii nayo, leseni au si leseni. Mke wangu alinikagua mlangoni kwa mkono, kiunoni, kama askari.

Ofisa alikuwa kijana. Alisoma ukurasa wangu polepole, akarudi juu, akausoma tena. Kiyoyozi kinavuma. Nilisikia saa yangu mkononi. Akauliza kama nilishtakiwa kwa silaha. Nikasema hapana. Akauliza kama tangu siku ile nimesimamishwa tena. Hapana. Akaandika kitu, akageuza karatasi, tukaingia maswali ya historia na serikali, na la kwanza kabisa likawa: sheria kuu ya nchi ni ipi?

Nilichelewa sekunde mbili tatu kabla ya kujibu Katiba. Yeye alidhani nimesahau.